Namna ya Kuandika Kuhusu Watu wa Kijiji cha India Ukiwa Nairobi

Mzee mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Ngara aliniletea karatasi iliyokunjwa mara nne, yenye jina la kijiji alikozaliwa babu yake huko Punjab, akaniomba nimwandikie ukurasa mmoja wa Kiswahili ambao wajukuu wake, wanaosoma shule za hapa, wangeusoma bila kuchoka: kijiji kina watu wangapi, ni watu wa namna gani, na wanaishi kwa kazi gani. Nilidhani ni kazi ya jioni moja. Ilinichukua wiki tatu, na sehemu kubwa ya muda huo niliitumia kurekebisha makosa yangu mwenyewe, kwa sababu nilikuwa nimenukuu namba kabla ya kuelewa kila safu ya jedwali inahesabu nini na inaacha nini. Ninaandika haya kwa mwanafunzi, mwanahabari au mjukuu wa wahamiaji ambaye atakaa mbele ya jedwali lile lile.

Kukipata kijiji chenyewe

Sensa ya India ya mwaka 2011 iliorodhesha vijiji zaidi ya 640,000, na karibu 597,000 kati ya hivyo ndivyo vilivyokuwa na watu. Majina yanajirudia mno: ukitafuta Rampur bila kutaja jimbo na wilaya, utapata orodha ndefu isiyokusaidia. Kwa hiyo usianze na namba yoyote kabla ya kupata majina matatu yanayokizunguka kijiji, yaani jimbo, wilaya, na kitengo kilicho chini ya wilaya ambacho Punjab hukiita tehsil na Gujarat hukiita taluka. Angalia pia neno la pili la jina. Huko kaskazini, Kalan ni kijiji kikubwa na Khurd ni kidogo, na mara nyingi viwili hivyo hupakana. Maharashtra hutumia Budruk na Khurd kwa maana hiyo hiyo, tena kwa vifupisho. Karatasi ya mzee wangu ilikuwa imeacha neno hilo, nami nikafanya kazi siku mbili juu ya kijiji cha jirani.

Mipaka nayo husogea. Mtu aliyesimuliwa kwamba babu yake ni wa wilaya ya Jalandhar anaweza kukuta kijiji kimehamia wilaya iliyokatwa mwaka 1995 kutoka Jalandhar na Hoshiarpur, ambayo siku hizi inaitwa Shahid Bhagat Singh Nagar. Kwa Gujarat hali ni kinyume: wilaya ya Devbhumi Dwarka ilizaliwa mwaka 2013, kwa hiyo vijiji vyake, kwa sensa ya 2011, vitafutwe chini ya Jamnagar. Na kwa familia za Punjab kuna jambo la kuuliza mapema kabla ya kufungua jedwali lolote, nalo ni kama kijiji kilibaki India au kiliangukia Pakistan mwaka 1947.

Ukishakipata, andika pembeni namba yake ya tarakimu sita katika sensa ya 2011. Tahajia ya jina hubadilika kutoka hati moja hadi nyingine. Namba hiyo haibadiliki ndani ya sensa ile. Kumbuka vilevile kwamba kijiji cha sensa ni eneo la ardhi lililopimwa mipaka yake kwa ajili ya kumbukumbu za kodi ya ardhi, wala si lazima liwe mkusanyiko mmoja wa nyumba. Ndani yake mnaweza kuwa na vitongoji vitatu au vinne vyenye majina yao wenyewe, na kitongoji cha babu yako huenda kisionekane popote kwa jina. Halmashauri ya kijiji, yaani gram panchayat, ni kitu kingine tena: moja inaweza kubeba vijiji kadhaa vya sensa, hivyo usichukue idadi ya watu wa panchayat ukaiandika kama ya kijiji.

Kulisoma jedwali

Hati unayoitaka ni kitabu cha sensa cha wilaya, ambacho hupatikana bila malipo katika tovuti ya ofisi ya sensa ya India. Kina sehemu mbili: moja inaeleza huduma za kila kijiji, nyingine inatoa muhtasari wa watu, mstari mmoja kwa kila kijiji. Mstari huo ndio msingi wa kazi yako yote. Utaonyesha idadi ya kaya, watu wote kwa jinsia, watoto wa umri wa miaka 0 hadi 6, watu wa safu za SC na ST (Matabaka na Makabila Yaliyoorodheshwa, nitakayoyaeleza hapo chini), wanaojua kusoma na kuandika, kisha wafanyakazi kwa mafungu yao.

Msomaji wa Kiswahili ana bahati katika jambo moja ambalo huwatesa wengine. Wahindi huweka mkato kwa kufuata laki na krori, basi idadi ya watu wa India mwaka 2011 huandikwa 1,21,08,54,977, nayo husomwa krori 121, laki 8, elfu 54 na 977. Krori moja ni laki mia. Neno laki tumelipata kwao, na hapa linalipa deni lake. Unapoandika kwa wasomaji wa Kenya, badilisha mikato iwe ya kwetu, yaani 1,210,854,977, na uikague mara mbili.

Tarehe ya sensa hiyo ni 1 Machi 2011. Sensa iliyopaswa kufuata mwaka 2021 iliahirishwa wakati wa janga la korona, na serikali ya India imetangaza nyingine ambayo tarehe yake ya rejea ni 1 Machi 2027, isipokuwa maeneo ya theluji yatakayotumia 1 Oktoba 2026. Kwa hiyo kurasa zinazokupa idadi ya watu wa kijiji kimoja kidogo kwa mwaka 2023 au 2024 zimekisia tu, mara nyingi kwa kuzidisha namba ya 2011. Mimi sizitumii hata kidogo. Heri namba ya zamani yenye tarehe kuliko mpya isiyo na mwenyewe.

Kaya na jinsia

Ili hesabu zionekane, nitatumia kijiji cha kubuni. Tuseme kina kaya 412 na watu 2,060, wanaume 1,075 na wanawake 985. Watoto wa miaka 0 hadi 6 ni 290, wavulana 155 na wasichana 135.

Kaya katika sensa ya India ni watu wanaokula kutoka jiko moja. Jambo hili ni dogo kwa macho lakini lina uzito, maana ndugu wawili wanaweza kuishi katika ua mmoja, mama yao akiwa mmoja na ng'ombe wao wakiwa zizi moja, lakini wake zao wakishatenganisha jiko wamekuwa kaya mbili. Ukigawanya 2,060 kwa 412 utapata watu 5 kwa kaya. Usiharakishe kuandika kwamba familia kubwa za pamoja zimekufa, kwa sababu ulichopima ni majiko, wala si undugu.

Katika uwiano wa jinsia ndipo waandishi wa Kenya tunapojikwaa zaidi. Kwetu uwiano huo huelezwa kwa idadi ya wanaume kwa kila wanawake 100. India hueleza idadi ya wanawake kwa kila wanaume 1,000. Kijiji chetu cha kubuni kwa kipimo cha India ni 985 kugawanya kwa 1,075 mara 1,000, yaani 916, na kwa kipimo chetu ni 109. Ukichanganya vipimo viwili katika aya moja, msomaji hataelewa wanawake wamezidi au wamepungua. Chagua kimoja, ukieleze mara moja, usikiache. Nakushauri ufuate cha India, kwa sababu utataka kulinganisha: nchi nzima mwaka 2011 ilikuwa na wanawake 943 kwa wanaume 1,000, na maeneo ya vijijini 949.

Uwiano wa watoto hupigiwa hesabu peke yake, hapa 135 kwa 155, yaani 871. Idadi hii ya watoto ndiyo inayofichua upendeleo wa watoto wa kiume, pamoja na matumizi ya mashine ya kupima mimba ili kujua jinsia, jambo ambalo sheria ya India ya mwaka 1994 inalikataza. Hata hivyo, kijiji kimoja ni kidogo mno kuhukumiwa. Wasichana kumi wakiongezeka, 871 inakuwa 935. Wakipungua kumi, inakuwa 806. Kwa hiyo toa uwiano wa kijiji, kisha uweke kando yake ule wa wilaya, na uache wilaya ndiyo ibebe hoja.

Uwiano wa watu wote una sababu nyingine ambayo mtu wa Siaya au Vihiga ataielewa upesi. Wilaya za Ratnagiri huko Maharashtra na Almora huko Uttarakhand zilihesabiwa kuwa na wanawake zaidi ya 1,100 kwa wanaume 1,000. Huko wanaume wamekwenda mijini kutafuta kazi, wake na wazee wamebaki. Uwiano mkubwa si lazima uwe habari njema ya wanawake. Huenda ni habari ya treni ya kwenda Mumbai.

Kusoma na kuandika

Hapa pana kosa langu mwenyewe. Wanaojua kusoma na kuandika katika kijiji chetu cha kubuni ni 1,310, wanaume 774 na wanawake 536. Mara ya kwanza nilipofanya hesabu ya namna hii niligawanya kwa watu wote, nikapata asilimia 63.6, nikaandika kwamba kijiji kiko nyuma ya nchi. Sensa ya India humhesabu mtu kuwa anajua kusoma na kuandika akiwa na miaka 7 au zaidi, na watoto wote wa chini ya hapo huingizwa katika safu ya wasiojua. Kwa hiyo lazima kwanza uwaondoe wale 290, ubaki na 1,770, ndipo upate asilimia 74.0, ambayo inapita kidogo kiwango cha nchi cha asilimia 73 hivi. Kijiji kile kile, karatasi ile ile, hukumu mbili zilizo kinyume. Fanya hivyo kwa kila jinsia: wanaume 774 kwa 920 ni asilimia 84.1, wanawake 536 kwa 850 ni asilimia 63.1. Pengo hilo la pointi 21 lastahili sentensi yake, kuliko wastani unaolifunika.

Safu za SC na ST

Hizi ndizo safu zinazosomwa vibaya kuliko zote. SC ni Matabaka Yaliyoorodheshwa, yaani yale ambayo kwa karne nyingi yalitengwa kama watu wasioguswa, ambao wengi wao leo hujiita Dalit. ST ni Makabila Yaliyoorodheshwa. Orodha hizo hutolewa kwa mamlaka ya vifungu vya 341 na 342 vya Katiba ya India, na hutolewa jimbo kwa jimbo. Matokeo yake ni kwamba kundi moja laweza kuwa ndani ya orodha upande huu wa mpaka na nje yake upande wa pili: Dhobi, ambao kazi yao ya jadi ni kufua nguo, ni SC huko Uttar Pradesh lakini si SC kwa jumla huko Maharashtra.

Sifuri nayo ina maana yake. Ukikuta ST ni 0 katika kijiji cha Punjab au Haryana, usiandike kwamba makabila yalifukuzwa au takwimu zimepotea. Majimbo hayo hayana kabila lolote lililoorodheshwa, kwa hiyo safu nzima ni sifuri kutoka juu hadi chini. Kinyume chake, Punjab ndiyo yenye sehemu kubwa zaidi ya SC kati ya majimbo yote, asilimia 31.9, ilhali nchi nzima ni asilimia 16.6. Kijiji chetu cha kubuni, tukikipa watu 655 wa SC, kinafika asilimia 31.8, kiasi ambacho kingeshangaza kwingi lakini Punjab ni cha kawaida kabisa.

Kisha kuna dini. Mtu huhesabiwa SC akiwa Mhindu, Msikhi (tangu 1956) au Mbudha (tangu 1990). Mkristo au Mwislamu ambaye ukoo wake ulitengwa vivyo hivyo hamo katika safu hiyo, ingawa jirani zake huenda wanajua fika alikotoka. ST haina sharti hilo. Na usidanganywe na kurasa zinazodai kukupa asilimia ya Wahindu, Waislamu na Wasikhi kijiji kwa kijiji kutoka sensa ya 2011: takwimu za dini na za lugha ya mama zilitolewa kufikia ngazi ya tehsil na miji, si zaidi ya hapo. Andika za tehsil, useme ni za tehsil.

Waliobaki bila safu

Toa SC na ST, wanabaki watu ambao jedwali haliwagawi tena. Humo wamo Brahmin, yaani tabaka la makuhani, wakulima wenye ardhi, wafinyanzi, maseremala, wauza mafuta, wote katika fungu moja lisilo na jina. Sensa ya mwisho iliyochapisha hesabu ya matabaka yote ilikuwa ya 1931, chini ya Waingereza. Ya 2027 imetangazwa kwamba itayahesabu tena. Hadi matokeo hayo yatoke, hapa ndipo karatasi inapokoma na mazungumzo yanapoanza.

Nilimrudia yule mzee wa Ngara. Sikumuuliza tabaka lake. Swali hilo likiulizwa ghafla hufunga mdomo, na ni aibu kwa wageni kuanza nalo. Nilimuuliza nyumba zilipangwaje.

“Kijana,” aliniambia, akigeuza risiti na kuchora kwa kalamu ya seremala, “hapa ni gurudwara, hekalu letu Wasikhi, hapa ni bwawa. Sisi mafundi tulikaa upande huu wa chini. Huku juu ni Jat, wenye mashamba. Na hawa,” akatia alama nje ya mstari, “walikuwa na kisima chao.”

Mchoro ule ulinipa zaidi ya jedwali zima. Makazi ya watu waliotengwa hukaa ukingoni, na kila eneo lina jina lake: huko Tamil Nadu mtaa wa Dalit huitwa cheri, Maharashtra ulikuwa maharwada. Katiba ilifuta utengano kwa kifungu cha 17, lakini nyumba hazikuhama siku hiyo. Kwa hiyo muombe msimulizi wako achore kabla hajasimulia.

Mchoro pia ulinionyesha kasoro ya chanzo changu. Wasikhi wengi wa Afrika Mashariki ni Ramgarhia, watu wa koo za maseremala na wahunzi, na reli iliyojengwa kati ya 1896 na 1901 ndiyo iliyowapa mafundi wa namna hiyo sababu ya kuvuka bahari. Kule kwao ardhi ilikuwa ya Jat, na sheria ya ardhi ya Punjab ya mwaka 1900 ilizuia watu wasiotambuliwa kama wakulima wasinunue mashamba ya wakulima. Walioondoka, basi, hawakuwa mfano mdogo wa kijiji kizima. Ukimsikiliza mjukuu wa Nairobi peke yake, utaandika kijiji kilichojaa mafundi. Vivyo hivyo kwa Waoshwali, jamii ya Kijaini kutoka Gujarat, ambao wengi wao hutaja vijiji vya kandokando ya Jamnagar: familia za Kijaini zilizojaza Parklands zilikuwa sehemu tu ya watu wa vijiji hivyo.

Ulizia ndoa pia. Kaskazini mwa India desturi ni kwamba msichana huolewa ndani ya tabaka lake lakini nje ya kijiji chake, hivyo karibu kila mke aliye kijijini alizaliwa kwingine, na kila binti aliyezaliwa hapo yuko kwingine. Kusini, katika jamii nyingi, binamu wa upande wa mjomba au shangazi wanaweza kuoana, na ukoo hukaa karibu zaidi. Ukiandika “wenyeji wa kijiji” kuhusu Punjab, fahamu kwamba nusu ya watu wazima ni wenyeji kwa ndoa.

Kazi

Safu za kazi zina mlango mmoja unaopaswa kuuona: mfanyakazi mkuu ni yule aliyefanya kazi miezi sita au zaidi katika mwaka uliotangulia sensa, na aliyefanya chini ya hapo ni wa muda. Kisha kuna mafungu manne, yaani wakulima, vibarua wa mashambani, wa kazi za mikono nyumbani, na wengineo. Mkulima hapa ni anayelima ardhi yake au aliyoikodi, na kibarua ni anayelima ya mtu kwa ujira. Weka namba hizo mbili bega kwa bega kila mara. Mwaka 2011 India ilihesabu wakulima milioni 118.8 na vibarua wa mashambani milioni 144.3, wakati miaka kumi kabla yake wakulima ndio waliokuwa wengi. Kijiji chenye vibarua kuliko wakulima kinakuambia kuwa ardhi iko mikononi mwa wachache, hata kama safu ya ardhi haipo. Kuhusu kazi za wanawake, ziamini kwa tahadhari: anayekamua nyati na kubeba majani kila siku kwa ajili ya nyumba yake anaweza kuandikwa kuwa hana kazi.

Sehemu ya huduma haitakuchosha. Inasema kama kuna shule, zahanati, maji na umeme, na kwa kile kisichopo hutoa herufi badala ya kilomita: a ni chini ya kilomita 5, b ni kati ya 5 na 10, c ni zaidi ya 10. Usibadilishe b kuwa “kilomita 7”.

Aya ya mwisho

Kwa kijiji chetu cha kubuni, aya ningeiandika hivi: “Kufikia tarehe 1 Machi 2011, kijiji hiki kilikuwa na watu 2,060 katika kaya 412. Wanawake walikuwa 916 kwa kila wanaume 1,000. Kati ya wenye umri wa miaka 7 na zaidi, asilimia 74.0 walijua kusoma na kuandika, wanaume asilimia 84.1 na wanawake asilimia 63.1. Watu wa Matabaka Yaliyoorodheshwa walikuwa asilimia 31.8, kiasi kinacholingana na cha jimbo zima la Punjab, ambalo halina makabila yaliyoorodheshwa. Kwa kumbukumbu za familia moja iliyohamia Nairobi, mashamba yalikuwa ya Jat, na mafundi walikaa upande wa chini, karibu na bwawa.” Angalia kwamba sentensi ya mwisho imetenganishwa na nyingine kwa chanzo chake.

Nilipompelekea mzee ukurasa wake, aliusoma akiwa amesimama nyuma ya kaunta, akarudi kwenye ile asilimia ya Matabaka Yaliyoorodheshwa, akauliza kama hao ndio wale wa kisima. Nikamwambia ndio hao, na pengine na wengine ambao hakuwajua. Akaomba nakala ya pili, ya kumpelekea dada yake Kisumu, na akanitaka nibandike ile risiti yenye mchoro chini ya aya.